Walimu wanawake na skuli za visiwani



Zanzibar nzima, wengi wa walimu wa skuli za msingi ni wanawake. Si haba, maana skuli ya mwanzo ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927 tu. Lakini wastani huficha mengi, mhasibu yeyote atawaambia. Mwalimu wa kike mkaazi wa Wete akipangiwa Fundo au Kojani, ni kuvuka bahari, kusi na kaskazi. Ana mtoto mchanga. Si ajabu akiomba uhamisho. Tusimlaumu. Ila msichana wa darasa la 6 akiingia hedhi skuli, amwendee nani? Tunataka nyumba ya mwalimu ijengwe kwanza. Sheha akiitisha mkutano, tuulize: ngapi zimetengewa fedha, na wapi?

Katibu wa Tawi