Nani Asemaye Kiswahili Hakimudu Kemia?

Lipo dai sugu katika vyumba vya walimu kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi na siasa, lakini hukwama papo hapo kinapoingizwa maabarani. Aghalabu walitoao dai hili ni wasomi ambao hawajajaribu. Basi leo nimechagua mada ambayo hata kwa Kiingereza si nyepesi: jinsi mwili unavyozishughulikia dawa za maumivu na uvimbe zilizoundwa ili zitoe nitriki oksidi. Msomaji na awe hakimu.

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na naproksini huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Jambo hili lilionyeshwa mwaka wa 1971 na John Vane wa Uingereza, ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo, kwa kuchochea ute na kudumisha mtiririko wa damu. Ukizizima, goti hutulia huku tumbo likibaki bila ngao. Ndiyo maana mzee anayemeza vidonge hivi kila siku kwa ajili ya maumivu ya viungo huweza kupata vidonda vya tumbo, hata kuvuja damu ndani kwa ndani.

Nitriki oksidi nayo ni gesi, atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Hulegeza mishipa ya damu, na tumboni hufanya kazi inayokaribiana sana na ile ya prostaglandini. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walituzwa Nobel mwaka wa 1998 kwa kuieleza. (Ni kinaya cha historia kwamba Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya nitrogliserini, aliandikiwa na madaktari nitrogliserini hiyo hiyo kwa ugonjwa wa moyo. Leo twajua kwamba hutenda kazi kwa kutoa nitriki oksidi.)

Wanakemia wakawaza: kwa nini tusiifunge dawa pamoja na dawa ya madhara yake? Kampuni ya NicOx ya Ufaransa ikaunda naproxcinod, yaani naproksini iliyofungwa kwa kifungo cha esta kwenye mnyororo mfupi wa kaboni wenye kundi la nitrati mwishoni.

Hapa ndipo Kiswahili kinapong'aa. Kumeng'enya ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, kama mtu avunjavyo mkate. Mwanafunzi asikiapo neno kimeng'enya, maana imo ndani ya neno lenyewe. Mwenzake aambiwaye neno la Kiingereza, lenye asili ya Kigiriki, hukariri tu. Naam, dawa hii ikishamezwa, vimeng'enya huikata esta, na vipande viwili huachana. Naproksini hushikamana na protini za damu, huenda kuzuia prostaglandini kama kawaida yake, hubadilishwa na ini, kisha hutoka kwa mkojo. Kipande cha pili huendelea kuvunjwa na kuachia nitriki oksidi, ambayo huishi kwa sekunde chache tu. Ikikutana na himoglobini yenye oksijeni hugeuka nitrati, nayo figo huitoa nje.

Je, hila hiyo ilifaulu? Kwa karatasi ilipendeza mno. Lakini mwaka wa 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha naproxcinod, ikitaka majaribio zaidi ya muda mrefu kuhusu usalama wake kwa moyo na tumbo. Mwaka wa 2011 kampuni iliondoa ombi lake barani Ulaya. Ningependa wanafunzi wetu wasome habari za namna hii, kwani vitabu vyao huwaonyesha sayansi iliyoshinda tu.

Sasa mtetezi wa dai lile aniambie ni wapi Kiswahili kimekwama. Sikatai kwamba nimekopa maneno mengi: esta, nitrati, prostaglandini. Kiingereza nacho kiliyakopa, wala hakuna aliyekidhihaki. Katika Kenya yetu Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ilhali mwanafunzi aliyepata alama ya A katika kemia hushindwa kumweleza nyanyake kwa nini asimeze diklofenaki kila siku bila ushauri wa daktari. Kijana huyo anaijua kemia na anakijua Kiswahili. Tatizo ni kwamba hajawahi kutakiwa na mwalimu yeyote kuvikutanisha.

Kazi iliyobaki kwetu wanaisimu ni usanifishaji, nayo haitaki mzaha. Nitriki oksidi si nitrasi oksidi. Hii ya pili ni gesi itumiwayo na madaktari kupunguza maumivu na kutuliza wagonjwa. Mwandishi mmoja akiziita zote mbili "oksidi ya nitrojeni", na mwingine akaamua vingine, mwanafunzi atakayesoma vitabu vyote viwili hatajua ni gesi gani anayoambiwa.