Romania si Dracula peke yake

Jamani, nimechoka! Kila nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba naishi Bucharest, naulizwa kama Dracula hajaninyonya damu. Dracula huyo kaandikwa mwaka 1897 na Bram Stoker, Mwairishi ambaye hakuwahi kukanyaga Transylvania!

Waandishi wa Magharibi nao wanakuja siku tatu, hawajui hata kusema "mulțumesc" (asante), wanarudi na habari zilezile: yatima wa enzi za Ceaușescu na ombaomba. Wengine hudhani hapa kinasemwa Kirusi, eti kwa sababu "ndiyo" ni "da". Neno hilo kweli wamelipata kwa Waslavi, ila lugha yenyewe ni mtoto wa Kilatini. Sisi tumechukua "habari" kwa Waarabu, mbona Kiswahili kimebaki Kibantu?

Mwaka 2007 Cristian Mungiu wa hapa alinyakua Palme d'Or kule Cannes. Nani kawasimulia?

Na nyie wahariri wetu wa Dar mnaonakili habari hizo bila kugusa hata nukta, hebu nijibuni: gazeti la Bucharest likiandika kwamba Tanzania ni simba na malaria tu, mtanuna au mtacheka?