Simu iko mkononi, bei iko kwa mwingine

Huku Nyabiondo tunajua kwamba ndani ya simu mna tantale, ile inayotoka kwenye koltani. Jioni, mtu akitoka shimoni, pesa ya kwanza inaenda kwa mega. Hatumlaumu: mgongo umechoka, anataka acheke kidogo. Lakini tuangalie hesabu.

Mnunuzi halipi uzito wa mchanga tu, analipa madini safi yaliyomo. Kilo 50 za asilimia 30 zina kilo 15 za madini. Akisema ni asilimia 20, zinabaki kilo 10. Fungu moja kwa tatu limeenda, na mfuko haujaguswa! Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, ile ambayo serikali ilisema ni ya bure tangu 2019. Mtoto tunayemtoa darasani aje kuosha mchanga, ndiye angetufanyia.

Kwa kasiterite, kama ile ya Bisie kule Walikale, simu inaweza kusaidia: bei ya bati inatangazwa London kila siku ya kazi, na kuitafuta hakumalizi mega kama video. Koltani ndiyo ngumu. Tantale haiuzwi kwenye soko lile, basi bei inabaki kati ya wafanyabiashara wenyewe, na sisi tunaisikia kutoka kinywa cha yuleyule anayenunua. Isipokuwa wachimbaji wa shimo hili na lile waulizane jioni, kwa simu hizohizo: wewe leo umelipwa ngapi, na kwa asilimia gani?