Zebaki na Vijana wa Ndalambo

Vijana wa Ndalambo waendao kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu ya Songwe na Chunya yawapasa waelezwe bayana hatari ya zebaki, ambayo, ikichanganywa na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha ikachomwa hadharani, hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, ukaingia mapafuni, ukafika ubongoni, ukaleta mtetemo wa viungo na kudhuru figo. Na mama mjamzito aketiye karibu humpitishia madhara hayo mwanawe aliye tumboni.

Maradhi yaliyowasibu wavuvi wa Minamata, Japani, yaliyotambuliwa mwaka 1956, yalitokana na sumu ya asili hiyohiyo, iliyopita kwa samaki.

Serikali yetu ya Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, nasi twaishukuru. Lakini twataka maofisa wa Mkemia Mkuu wa Serikali wafike machimboni kwa miguu yao, wafundishe kuchomea ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki, mbali na visima, mbali na vyungu vya chakula, na, hili latuuma kupita yote, mbali na watoto.