Nani Kasema Pori ni Tupu?

Katika maneno yanayougharimu Mkoa wa Katavi, sijui kama lipo la kulishinda hili: "Pale hapana kitu, ni pori tu." Utalisikia Kasekese, utalisikia Mpanda mjini. Mkulima anayetafuta ekari mpya hulisema, na ofisa mwenye ramani mkononi hulisema vilevile. Wanyama, wanaamini, wako hifadhini. Ukiwataka nenda Sitalike, lango la Hifadhi ya Katavi, ulipe kiingilio.

Upuuzi. Sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, na wengi wao wako hukuhuku wilayani Tanganyika, katika milima ya Ntakata na miombo ya Tongwe. Kila jioni hujitandikia kitanda kipya cha matawi juu ya mti. Sokwe wa Gombe wanajulikana dunia nzima tangu Jane Goodall alipofika kuwachunguza 1960. Sokwe wetu hata sisi majirani zao hatuwataji.

Tuwaache sokwe, maana watu wakisikia viumbe hufikiria vikubwa tu. Mvua za kwanza zikinyesha, akina mama huingia porini na vikapu kutafuta uyoga. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti yenyewe: mti huupa sukari, nao huusaidia mti kufyonza chakula kwenye udongo ule dhaifu. Fyeka miombo upande mahindi, mvua itanyesha kama kawaida na vikapu vitarudi vitupu. Nyuki nao hufuata maua ya miti hiyohiyo. Mrina asali hana haja ya kuelezwa haya.

Hata hiyo Hifadhi ya Katavi inayosifiwa, iliyoanzishwa 1974 na kupanuliwa 1998, haijitoshelezi. Mto Katuma unaoilisha unaanzia nje ya mipaka yake. Maji yakizuiwa huku juu kwa ajili ya mpunga, kiangazi viboko wa Ikuu, ndani ya hifadhi, hubaki wamebanana kwenye tope, ngozi zikikaukia mgongoni. Sasa hifadhi ni ipi, na pori tu ni lipi?

Najua nitajibiwa: tutakula sokwe? Swali la haki, na majirani wamekwisha kulijibu. Vijiji vinane vya wilaya hii, Katuma na Lugonesi vikiwamo, vimekuwa vikilipwa fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sisemi kila kijiji kitampata mnunuzi wa hewa ukaa. Nasema kilichoitwa "hapana kitu" kimelipa bili.

Na kilichopotea hakirudi kirahisi. Waingereza, wanaozunguka leo mashambani na pwani zao na darubini shingoni, walimpiga risasi tai wao wa mwisho mwenye mkia mweupe mwaka 1918. Ilipofika 1975 ikabidi wachukue makinda Norway na kuwaachia kisiwani Rum, wakaanza upya na ndege wa kupewa. Sisi wanyama wetu bado tunao, bure.

Basi kabla mkutano wa kijiji haujapitisha kugawa ekari, watumwe watu watatu: mrina asali, mama anayejua uyoga, na mzee wa Kitongwe. Wapewe wiki nzima wapite humo na daftari. Wakirudi na kurasa nyeupe, gaweni.