Gari Linapozimika Juani

Mtu atokaye Nzega kwenda Singida hana budi kuupanda mlima wa Sekenke kabla ya kufika Misigiri, penye njia panda ya Kiomboi. Nyuma yake ameiacha mbuga ya Wembere na joto lake, na mbele yake uko mlima ulioziumbua injini nyingi. Huko Sekenke ndiko ilikotoka dhahabu ambayo Wajerumani waliifulia sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, lakini dereva apandaye saa nane ya mchana hana nafasi ya kuyawaza hayo.

Oktoba mwaka jana nilikuwa mmoja wa madereva hao, pamoja na mke wangu na watoto watatu, katika Toyota Corolla ya zamani yenye kabureta. Katikati ya mlima gari lilianza kulegea; nakanyaga mafuta, halipokei. Lilijikongoja hadi Misigiri, na hapo likazimika. Stata ilizungusha injini vizuri, lakini haikuwaka.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza gari lilifikishwa gereji likiwa limekwisha poa, na fundi, akilisikia linanguruma vizuri, hakuwa na la kufanya ila kukisia. Alikisia pampu ya petroli, tukanunua. Safari ya pili akakisia kabureta, tukanunua. Fedha ya sare na madaftari ya watoto ikaishia huko, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Pale Misigiri alikuja kijana atengenezaye pikipiki kando ya barabara. Mimi nilitaka tukae kivulini tungoje. "Kaka, usingoje lipoe," akasema. "Likipoa litatudanganya."

Kwanza aliitazama sindano ya joto, akaona haijafika kwenye nyekundu. (Ingalikuwa imefika, shauri lingekuwa la rejeta, feni au mkanda wake, na kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yake humwunguza mtu vibaya.) Kisha alihakikisha hapana petroli inayovuja, akachomoa waya mmoja wa plagi, akauchomeka kwenye plagi kuukuu, akailaza plagi hiyo juu ya chuma cha injini na kuniambia nipige stata. Hapakutokea cheche hata moja. Basi kosa lilikuwa katika umeme, si katika petroli, na vifaa viwili nilivyonunua havikuhusika. Akaifunika koili kwa kitambaa kibichi kwa dakika chache, tukajaribu tena. Cheche ya buluu ikaruka.

Koili ina nyaya nyembamba zilizozungushwa mara maelfu. Ikichakaa, joto huutanua ufa mdogo uliomo ndani na umeme hukatika. Ikipoa, ufa hujifunga. Ndiyo maana asubuhi gari huwaka bila lawama.

Kama cheche ingalikuwapo, tungaligeukia mafuta. Katika magari ya aina hii pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na petroli yaweza kuchemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Dawa ni kile kile kitambaa kibichi, safari hii juu ya pampu na bomba lake. Usimwage ndoo ya maji juu ya injini yenye moto. Chuma chaweza kupasuka. Fungua pia kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na gari likawaka, basi kitundu cha kifuniko hicho kimezibwa na vumbi, na matengenezo yake hayagharimu hata senti.

Wasomaji wengi leo wana magari yasiyo na kabureta wala platini. Hayo usiyachomoe waya za plagi, kwani waweza kuiunguza kompyuta yake. Pampu yake imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Mwenye desturi ya kutembea na tangi karibu tupu huichosha mapema, na hasa wakati wa joto. Gari likizimika, fungua swichi bila kupiga stata, usikilize upande wa nyuma: katika magari mengi pampu nzima huvuma kwa sekunde mbili hivi. Ikivuma, mshukiwa mwingine ni sensa ya krenki, ambayo ikichoka hukata mawasiliano joto likizidi na kuyarudisha ikipoa, sawa na koili yangu. Itazame taa ya injini, na fundi asikuuzie kitu kabla ya kulisoma gari kwa mashine.

Lakini kabla ya hayo yote, washushe watoto, wasimame mbali na lami, uweke na pembetatu nyuma ya gari. Malori yashukayo Sekenke hayana subira na mtu aliyeinamia boneti. Halafu andika popote pale: ni saa ngapi, ulikuwa ukipanda au tambarare, sindano ilikuwa wapi, tangi lilikuwa na kiasi gani. Mistari hiyo minne fundi wa mjini hawezi kuipata kwingine.

Kijana wa Misigiri alitufikisha Singida kwa kitambaa na chupa mbili za maji, akiwa amenielekeza nisimame kila koili iwakapo moto. Hapo tulinunua koili. Kabureta ya zamani, isiyokuwa na kosa lolote, ingali katika buti.