Kamera Inayoona Joto



Wengi wenu mnaijua Kariakoo hata kama hamjafika Dar es Salaam. Khanga, sufuria na betri za tochi zilizo katika duka la kijiji chako, huenda zilinunuliwa kule. Wapo pia vijana wenu wanaobeba mizigo na kuuza nguo katika mitaa yake. Kariakoo ikipata msiba, vilio husikika hadi vijijini.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Ni lile soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Januari 2022 likaungua soko la Karume, ambalo haliko mbali na hapo. Kisha, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo likiwa na watu ndani. Watu zaidi ya 80 waliokolewa. Zaidi ya 25 walifariki dunia.

Baada ya misiba kama hiyo watu huuliza: Je, hakuna chombo cha kumwona mtu aliye ndani ya moshi, au aliye chini ya kifusi? Chombo kipo. Kinaitwa kamera ya joto. Lakini watu wengi wanakisifu kwa kazi ambayo hakiwezi kuifanya, na wanaisahau kazi yake iliyo bora.

Kwanza tujue kinavyofanya kazi. Mwaka 1800, huko Uingereza, mtaalamu wa nyota aitwaye William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo. Mwanga ukagawanyika katika rangi, kama upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika rangi mojamoja. Kisha akakiweka pembeni mwa rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Hapo kipimajoto kikapanda zaidi! Kumbe upo mwanga mwingine. Ngozi inauhisi, lakini jicho haliuoni. Kila kitu chenye joto hutoa mwanga huo: jiko, ng'ombe, jiwe la juani, hata wewe unayesoma.

Chatu aliujua mwanga huo kabla ya Herschel. Mdomoni ana vishimo vinavyohisi joto. Usiku wa giza anajua panya yuko wapi. Kamera ya joto inafanya kama chatu. Inapokea joto na kulichora katika kioo chake. Mara nyingi chenye joto huonekana cheupe, na cha baridi huonekana cheusi.

Sasa twende kwenye moto. Moshi wa nyumba inayoungua ni mzito. Tochi haisaidii, maana mwanga wake hugonga moshi na kurudi machoni. Joto hupita katika moshi huo vizuri zaidi kuliko mwanga wa tochi. Askari wa zimamoto mwenye kamera hii anaweza kumwona mtu aliyeanguka sakafuni. Anaona pia moto uliojificha darini, na mlango ambao nyuma yake kunawaka. Hapo kamera inaokoa roho.

Kwenye kifusi mambo ni mengine. Kamera haioni kupita ukuta. Haioni hata kupita kioo cha dirisha. Inaona joto la uso wa kitu tu. Mtu akifunikwa na zege nene, joto lake haliwezi kufika nje. Tena jua la Dar es Salaam likipasha zege mchana, kifusi kizima huwa na joto kama mwili wa mtu, na kamera haitofautishi. Inasaidia usiku, na pale penye tundu la kuchungulia. Katika msiba ule wa 2024, waokoaji walizungumza na watu walionaswa chini. Waliwapelekea hewa, maji na glukosi kabla ya kuwatoa. Sikio lilifanya kazi kubwa. Ndiyo maana waokoaji hunyamazisha mashine na watu, wapate kusikiliza.

Basi kazi yake iliyo bora ni ipi? Ni kuona hatari kabla moto haujawaka.

Fikiri duka moja la Kariakoo. Nyaya zake ziliwekwa kwa ajili ya taa 4 na feni moja. Baadaye likaja jokofu. Zikaja cherehani za umeme, kisha chaja nyingi za simu. Waya ni ule ule. Mahali waya unapofungwa kwa skrubu, skrubu ikilegea, umeme hupita kwa shida. Unapopita kwa shida unatoa joto. Plastiki ya waya inalainika kidogo kidogo, miezi na miezi. Siku moja inashika moto, pengine usiku, duka limefungwa.

Fundi mwenye kamera hangoji siku hiyo. Anaelekeza kamera kwenye ubao wa umeme wakati vyombo vyote vinafanya kazi. Anaona skrubu 3 zilizo pamoja. Mbili ni nyeusi, moja ni nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mgonjwa. Anazima umeme, anaikaza au anaibadilisha. Viwandani wanaangalia mota na beringi kwa njia hiyo hiyo. Huko Kenya, katika Maasai Mara, tangu mwaka 2016 askari wamekuwa wakiwatafuta majangili usiku kwa kamera hizi.

Kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu huuzwa kwa laki kadhaa. Kwa mtu mmoja ni fedha nyingi. Kwa maduka ya jengo zima yakichangia, naona si nyingi, ukikumbuka thamani ya mzigo ulio ndani.

Nawe kijijini, ambako sasa umeme umefika, unazo dalili zako bila kamera. Plagi inakuwa ya moto unapoichomoa. Soketi imegeuka rangi ya kahawia. Kuna harufu ya plastiki inayoungua. Fyuzi inakatika kila mara, na mtu ameweka waya mnene mahali pake. Ukiona mojawapo, zima swichi kubwa umwite fundi. Usifungue mwenyewe.

Moto ukiwaka usimwagie maji nyaya za umeme. Toeni watu nje. Namba ya simu ya Zimamoto ni 114. Taja mtaa au kijiji, kisha sema kama kuna mtu ndani na yuko chumba gani. Askari mwenye kamera ataielekeza huko kwanza.